Sura ya Saba: Sentimita Kumi za Maji

Matatu inapofika Olympic, mwisho wa safari ya Kibera, baada ya kukaa kwenye msongamano wa Ngong Road, si ajabu kumwona dereva akifungua boneti na kusubiri mvuke upungue ndipo aongeze maji. Fundi wa Olympic au wa Kawangware akiulizwa dawa ya injini inayochemsha, huwa na majibu manne aliyoyapata kwa kazi ya miaka mingi: safisha rejeta au weka kubwa zaidi, unganisha feni izunguke wakati wote, badilisha pampu ya maji, na mambo yakizidi, toa themostati kabisa. Barabarani majibu hayo huiokoa siku na mapato yake. Hewani, hasa kwa mtu anayeijenga ndege yake mwenyewe na kuifunga injini ya rota iliyotoka kwenye gari, majibu hayo manne yanaweza kumpoteza, kwa sababu karibu yote yanaitazama rejeta na maji, ilhali tatizo la ndege ni hewa. Rejeta haiondoi joto. Rejeta huliweka joto mahali ambapo hewa inaweza kulichukua, na hewa itapita hapo tu ikiwa presha ya mbele inaishinda ya nyuma. Hoja ya sura hii ni kwamba upoaji wa injini ya ndege hupatikana au hukosekana kwenye njia ya hewa, na kwamba njia hiyo inaweza kupimwa kwa vifaa vya bei ndogo kabla ya mtu kutumia shilingi kwa rejeta kubwa.

Tuanze na injini yenyewe, maana tabia yake ndiyo inayoifanya kazi hii kuwa ngumu. Felix Wankel aliifanikisha na kampuni ya NSU ya Ujerumani, na injini ya kwanza ya majaribio ikazunguka mwaka 1957. Mazda ya Japani ndiyo iliyoikuza: Cosmo Sport mwaka 1967, RX-7 mwaka 1978, ushindi wa mbio za Le Mans mwaka 1991 kwa gari la 787B, kisha RX-8 kuanzia 2003 hadi 2012. RX-8 zilifika hata Nairobi kama magari ya mtumba. Injini maarufu ya ukoo huo, 13B, haina pistoni, haina valvu, haina kamshafti. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya nyumba zake, na shafti moja inayopokea nguvu. Mjenzi wa ndege huvutiwa na ufupi huo: sehemu chache zinazosogea, uzito mdogo kwa nguvu inayotoka, na bei iliyo mbali na ile ya injini mpya ya ndege. Hamu ya kutumia injini ya gari angani si ngeni kwetu. Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta, alijulikana kote Kenya mnamo 2010 kwa kuijenga ndege yake kwa mikono na kuifunga injini ya Toyota. Anayefikiria injini ya rota anaifuata njia hiyohiyo, ila anaongeza swali la joto.

Ndani ya injini ya pistoni, silinda ileile inayowaka moto hupitiwa pia na mchanganyiko mbichi unaoingia, kwa hiyo ukuta wake hupata nafuu kila mzunguko. Injini ya rota haina nafuu hiyo. Petroli huwaka upande mmoja daima, ule wenye plagi, na hewa mbichi huingia upande wa pili daima. Nyumba ya rota hukaa ikiwa na ubavu mmoja wa moto na mwingine wa baridi kwa muda wote wa kazi. Zaidi ya hapo, nyumba za rota ni za aluminiamu, na sahani za kando na ya kati ni za chuma, zote zikiwa zimepangwa na kubanwa pamoja kwa bolti ndefu. Aluminiamu hutanuka kuliko chuma. Kati ya vipande hivyo zimo pete za mpira zinazoyazuia maji yasiingie kwenye chumba cha moto. Injini ikipata joto kupita kiasi, pete hizo ndizo huumia kwanza, na zikishapoteza ubora wake, maji huvuja ndani na kazi ya kuirekebisha ni kuifungua injini yote. Rota zenyewe hazifikiwi na maji hata kidogo. Hupozwa na oili inayorushwa ndani yake kutoka kwenye shafti. Ndiyo maana takribani thuluthi moja ya joto linalopaswa kuondolewa hupita kwenye oili, na thuluthi mbili kwenye maji. Mjenzi anayeweka kipooza oili kidogo kama cha gari la kawaida ameacha thuluthi ya tatizo bila mlinzi. Wajenzi wengi hulenga oili isipite nyuzi 100 za Selsiasi hivi.

Afrika Mashariki ilikutana na suala hili mapema sana. Novemba 1914 Waingereza waliileta ndege ya majini ya Curtiss kwenye kisiwa cha Niororo, karibu na delta ya Rufiji, kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha humo. Rubani alikuwa Dennis Cutler kutoka Durban. Masimulizi ya kampeni hiyo yanaeleza kwamba rejeta ya ndege ilishindwa na joto la pwani, na meli HMS Fox ikatumwa Mombasa, ikarudi na rejeta ya gari la Ford. Cutler akaruka, akaiona Königsberg, na Desemba injini ikamwangusha deltani akakamatwa. Mapema mwaka 1915 zikafuata ndege za Sopwith zenye injini za Gnome, ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na propela na kujipoza kwa upepo wa mzunguko wao wenyewe, bila rejeta. Hizo nazo zilishindwa kupanda na mzigo katika hewa ya joto. Kisa cha rejeta ya Ford kinaweza kutumiwa kunipinga: si waliweka rejeta ya gari na ndege ikaruka? Iliruka, na sababu yake ndiyo hoja yangu. Injini ya Curtiss ilikaa wazi kati ya mbawa, na rejeta yake ilisimama mbele ya upepo bila kifuniko chochote. Hewa haikuhitaji kutafutiwa njia. Ndege ya leo inayotembea kwa kasi mara mbili ya ile huificha injini ndani ya kofia laini ili isizuiwe na upepo, na palepale hewa ya kupozea inageuka kuwa kitu cha kutengenezewa mlango wa kuingilia, chumba na mlango wa kutokea.

Tuweke hesabu mezani, kwa makadirio ya jumla. Chukua 13B inayotoa nguvu za farasi 150 usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, upo mita 1,690 hivi juu ya bahari, na hewa yake siku yenye nyuzi 25 ina uzito wa takribani kilo 0.97 kwa mita ya ujazo, ilhali Mombasa yenye nyuzi 30 hukaribia kilo 1.16. Injini isiyo na taabo (turbo) hupoteza nguvu kwa kiwango kama hicho, kwa hiyo Wilson itatoa farasi 125 hivi, yaani kilowati 93. Joto linaloingia kwenye maji na oili hukaribiana na nguvu inayofika kwenye propela, kwa hiyo tuseme kilowati 90. Ikiwa hewa inapita kwenye rejeta na kupata joto la nyuzi 40 zaidi ya ilivyoingia, basi zinahitajika kilo 2.25 za hewa kila sekunde, au mita za ujazo 2.3. Ndege inayopanda kwa kasi halisi ya kilomita 160 kwa saa inaweza kuupata mkondo huo kupitia matundu mawili ya mbele yenye upana wa sentimita 16 kwa 16 kila moja. Hakuna cha kutisha hapo. Matundu ya namna hiyo yanatosha kwenye pua ya ndege yoyote ya watu wawili. Kwa hiyo anayechemsha hewani mara nyingi hakukosa tundu wala rejeta. Amekosa kitu kingine.

Kitu hicho ni presha. Hewa inayosimamishwa na ndege yenye kasi ya kilomita 160 kwa saa juu ya Nairobi hutoa presha inayoweza kuinua maji kwenye mrija karibu sentimita 10. Hizo sentimita 10 ndizo mtaji wote wa mjenzi wakati wa kupanda, na hakuna benki itakayomkopesha nyingine. Tundu lenye kingo kali hukata sehemu. Kona ya ghafla hukata sehemu. Chumba kinachopanuka mara moja kutoka tundu dogo hadi rejeta yenye uso mara nne ya tundu hupoteza zaidi ya nusu, kwa kuwa hewa hujiviringisha na kuwa vurugu badala ya kutulia na kusukuma. Ufa wa sentimita 1 kuzunguka rejeta yenye mzingo wa mita moja na robo ni sentimita za mraba 125, karibu robo ya matundu yote ya mbele, na hewa hupenda ufa kuliko mapezi ya rejeta. Mwisho kuna mlango wa kutokea. Hewa iliyopata nyuzi 40 imevimba kwa asilimia 13 hivi, tena imepungua nguvu, kwa hiyo ikikuta tundu dogo, au tundu linaloangalia mahali penye presha kubwa chini ya tumbo la ndege, itarudi nyuma na mkondo wote utapungua. Mjenzi aliyetumia sentimita sita mlangoni na tatu kwenye kutokea amebakiwa na moja ya kusukuma hewa ndani ya rejeta, hata kama rejeta yenyewe ni bora kuliko zote za Kirinyaga Road.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba inapimika. Mrija mwembamba unaopitisha mwanga, uliokunjwa kama herufi U na kujazwa maji yenye rangi kidogo, ukiwa na ncha moja mbele ya rejeta na nyingine nyuma yake, utaonyesha kwa rula ni sentimita ngapi zinazofanya kazi. Ncha zikihamishwa, moja mbele ya rejeta na nyingine kwenye hewa tulivu ya nje, zitaonyesha mlango umehifadhi kiasi gani. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila fundi kijana wa Kibera alijue kwa mkono wake: kosa la njia ya hewa halionekani kwa macho, wala haligunduliki kwa kugusa rejeta, lakini mrija wa bei ya chai na mandazi hulitaja mahali lilipo.

Ushahidi wa hoja hii umetapakaa katika historia ya ndege. Mwaka 1935 mhandisi F. W. Meredith wa Farnborough, Uingereza, alieleza kwamba rejeta ikiwekwa ndani ya mfereji unaopanuka taratibu mbele na kubanwa vizuri nyuma, hewa iliyopashwa joto inaweza kutoka kwa kasi na kurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea kwa kuipitisha. Ndege ya Kimarekani P-51 Mustang, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940, ilijulikana kwa mfereji wake wa tumboni uliofuata wazo hilo. Miongo kadhaa baadaye wajenzi wa Marekani, akiwamo Tracy Crook aliyerusha RV-4 yenye 13B, waliingia kwenye somo lilelile kwa fedha ndogo. Wengi wao hawakununua rejeta za ndege. Walichukua vipooza vya ndani vya eya kondishena za magari ya General Motors, vyenye uso mdogo na unene mkubwa, na kuvigeuza rejeta za maji. Kifaa kilekile kilitosha palipokuwa na mfereji mzuri na kuzibwa pembeni, na kilichemsha palipokosekana. Kama tatizo lingekuwa kifaa, kingefaulu kote au kushindwa kote.

Pingamizi la kwanza ni la fundi wa matatu: weka rejeta kubwa, iwe na akiba. Rejeta yenye uso mpana husaidia ikiwa hewa inasambaa juu ya uso wote, na bila mfereji haisambai. Hupiga katikati na kuziacha pembe zikiwa zimelala. Rejeta nene mara mbili huongeza ukinzani karibu mara mbili, na nusu yake ya nyuma hupokea hewa iliyokwisha kupata joto. Pia ina maji mengi zaidi na uzito zaidi. Akiba ya kweli iko kwenye presha iliyohifadhiwa, si kwenye shaba na aluminiamu. Na ushauri wa kutoa themostati ni hatari zaidi hapa. Kwenye injini hizi za Mazda themostati ina kazi mbili: inafungua njia ya rejeta, na inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ikiondolewa bila kuziba njia hiyo, sehemu ya maji ya moto hurudi moja kwa moja ndani bila kuiona rejeta, na injini hupata joto zaidi kuliko mwanzo. Mazoea yaliyomsaidia fundi kwa magari mia yanaweza kuiharibu injini hii mara ya kwanza tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu anaweza kusema Nairobi ni rahisi: hewa ni nyepesi, lakini injini nayo imepunguza nguvu na joto, na siku zetu zina baridi kuliko Mombasa. Ni kweli, na hesabu inamuunga mkono. Kwa presha ileile, uzito wa hewa inayopita hupungua kwa asilimia 9 hivi tu kutoka Mombasa hadi Wilson, wakati joto la injini isiyo na taabo hupungua kwa asilimia 17. Kwa dakika moja ya kupanda, Nairobi ina nafuu. Lakini kwanza, hakuna anayepanda kwa dakika moja tu. Nguvu ya ziada inayoinua ndege hupungua kwa kasi kuliko nguvu yote ya injini, kwa hiyo muda wa kupanda hurefuka. Anayeelekea Maasai Mara kwa kawaida huvuka vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake hukaribia mita 2,460. Pili, maji huchemka Nairobi kwenye nyuzi 94 au 95, na kifuniko cha rejeta cha baa 0.9 ambacho Mombasa kingeyazuia maji matupu yasichemke hadi nyuzi 119, hapa huishia 116 hivi. Mvuke ukianza, pampu haisukumi kitu. Tatu, mjenzi aliyekasirishwa na farasi waliopotea huvutiwa na taabo. Taabo hurudisha nguvu zote na joto lote, huku hewa ya kupozea ikibaki ileile nyepesi. Hapo nafuu ya Nairobi inageuka deni.

Wengine husema feni ya umeme itamaliza kila kitu. Feni ya gari hutoa presha ya sentimita 1 au 2 za maji. Ardhini, ndege ikisubiri zamu yake Wilson nyuma ya ndege za watalii, hiyo ni msaada mkubwa. Hewani, mbele ya presha ya sentimita 10, mabawa ya feni hugeuka kizuizi. Anayeihitaji feni aiweke mahali ambapo upepo wa mwendo unaweza kuipita, na asiitumie kuficha mfereji mbaya. Vivyo hivyo kipimo cha joto kisiaminiwe peke yake. Maji yakivuja yote, kihisio hubaki kwenye mvuke au hewa na sindano inaweza kushuka wakati injini inaungua. Kipimo cha presha ya maji kando yake hutoa habari mapema, na hakina bei ya kutisha.

Pingamizi la mwisho linauliza kwa nini mtu asinunue injini ya ndege iliyopozwa kwa hewa, kama Lycoming O-320, na kuachana na shida hizi. Mwenye uwezo huo anunue. Ila asidhani amekwepa presha. Injini hiyo hupozwa na hewa inayoshuka kati ya mapezi ya silinda, na sahani na mipira inayozunguka silinda ipo ili hewa isipite kando. Mpira uliokunjika vibaya hupandisha joto la silinda kama ufa unavyofanya kwa rejeta. Elimu ya njia ya hewa hailindi injini ya rota peke yake. Ni elimu ya kila injini inayoruka.

Nalitetea jambo hili kwa ukali kwa sababu ya mahali penyewe. Ndege ndogo zinazoinuka Wilson hupita karibu na mapaa ya Kibera, na kupanda ndiyo dakika ambayo injini inatoa joto jingi huku ndege ikiwa na kasi ndogo. Injini moja ikifa pale, mita mia mbili juu ya nyumba zilizobanana, rubani hana kiwanja cha kuchagua, na aliye chini hakuulizwa kama yuko tayari kushiriki jaribio hilo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ina haki ya kudai uthibitisho kabla ya ndege ya kujijengea kuruka, na mjenzi anapaswa kujidai uthibitisho huo kabla hajaulizwa: vipimo vya presha mbele na nyuma ya kila rejeta, joto la maji yanapoingia na kutoka, joto la oili, vyote vikiandikwa ardhini kwanza, kisha katika safari fupi kwenye kiwanja kilicho mbali na makazi. Vijana wa Olympic na Kawangware wana mikono ya kuijenga ndege, hilo halina shaka. Kinachotofautisha mikono hiyo na ya mtu wa kubahatisha ni daftari lenye namba, na namba ya kwanza ya kuandika ni ile iliyo kwenye mrija.